Na Mimi, Nyuma ya Ubao

Arvid Haugen alifika kwa marehemu Ruben jua likiwa limebakiza nusu saa kutua. Alichelewa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alisimama mjini kunywa kahawa, akakaa peke yake mezani mpaka mhudumu alipoanza kupandisha viti juu ya meza. Siku hizi hakuwa na haraka ya kwenda popote, wala ya kurudi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Alitakiwa kukagua karavani moja ya zamani, nyumba ya bati yenye magurudumu mawili ya kukokotwa na gari, iliyoundwa mwaka hamsini na sita. Aandike hali yake na thamani yake, basi, arudi nyumbani. Mnada ulikuwa Jumamosi. Arvid alikuwa amezikagua na kuzifufua karavani za aina hiyo kwa miaka thelathini na saba, na katika upande huo wa Dakota Kaskazini hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya mbao zilizooza.

Twyla, mpwa wa marehemu, alikuwa akimngojea uani, mikono ameibana kwapani kwa baridi.

"Mzee Haugen. Nilidhani umepotea njia."

"Sijapotea. Nimezeeka tu."

"Haya, ndiyo ile pale." Akaonyesha kwa kidevu. Karavani ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, kando ya safu ya miti ya kukinga upepo. Zaidi ya hapo yalikuwa mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, mabua matupu mpaka mwisho wa macho. "Mjomba alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, akalala humo miaka ishirini na tano. Tulimsema mpaka tukachoka."

"Iko wazi?"

"Hajawahi kuifunga." Akarudi nyuma hatua moja. "Ila mimi siingii. Usinicheke."

"Nani anacheka?"

"Napeleka bakuli la viazi kanisani. Nitarudi baada ya saa moja na kipande chako cha keki. Ukimaliza mapema nisubiri."

Gari lake likapinda kwenye barabara ya changarawe, vumbi likatulia, na Arvid akabaki na upepo.

Mkaguzi mzuri huanza na pua. Hufungua mlango, husimama kizingitini, huvuta pumzi kabla hajagusa kitu. Karavani ya umri ule hunuka ukungu, mikojo ya panya, na miaka mingi ya kukaanga nyama. Hii haikunuka hata kimojawapo. Ilinuka penseli. Penseli iliyochongwa sasa hivi.

Akawasha tochi, akaingia. Kuta za ndani zilikuwa za mbao nyembamba zenye rangi ya asali, hazina doa. Kulikuwa na meza ndogo ya kukunja, na viti viwili vinavyotazamana. Juu ya sinki palikuwa na vikombe viwili, vimefunikwa kifudifudi. Ruben alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita, na mezani hapakuwa na vumbi.

Baada ya pua huja vidole. Unagonga ukuta kwa vifundo, shibiri kwa shibiri, ukisikiliza. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu. Iliyooza haijibu vizuri, sauti hufia ndani. Alianzia mlangoni, akaelekea kulia.

Ko. Ko. Ko.

"Nzima," akasema kwa sauti.

Hakukuwa na wa kuandika. Kwa miaka thelathini na nne mkewe, Marlys, ndiye aliyeshika daftari. Yeye anagonga na kutangaza, nzima, mbovu, nzima, na Marlys anaandika, na akiona mumewe anarukaruka kazi anamwambia arudie pale alipogonga kivivu. Miaka mitatu sasa tangu azikwe, na bado Arvid alikuwa akizitangaza mbao kwa sauti, kisha akiona haya, kisha akiandika mwenyewe.

Alikuwa amefika dirisha la pili aliposikia.

Krr… krr… krr…

Ilitoka ukuta wa nyuma, juu ya kitanda. Panya, alijiambia. Akaenda pale, akainamisha sikio, akagonga.

Ko. Ko.

Kimya.

Kisha, kutoka ndani ya ukuta…

Ko. Ko.

Arvid alitabasamu, ingawa midomo ilikuwa mikavu. Bati likipata baridi ya jioni hujikunja na kulia. Alikuwa amewaeleza hivyo wateja wangapi? Akagonga tena, mara tatu.

Ko. Ko. Ko.

Akasubiri. Ukutani nako, kwa mwendo uleule, kwa nafasi zilezile…

Ko. Ko. Ko.

Bati halijui kuhesabu.

Mtu mwenye akili angetoka nje akamsubiri Twyla garini. Arvid naye alilifikiria hilo. Lakini kona ya nyuma ndiyo huoza kwanza katika kila karavani, na mkaguzi anayetia sahihi bila kuifungua ni mwongo, na yeye hakuwahi kuwa mwongo katika kazi yake. Isitoshe, na hili hakulisema hata moyoni, ilikuwa zamani sana tangu mtu yeyote amjibu alipogonga. Akatoa bisibisi. Ubao ule ulishikwa na skrubu nne tu.

Watu wa kazi hii wana desturi yao. Anayefungua ukuta, kabla hajaufunga, huandika jina lake na mwaka mgongoni mwa ubao, mahali ambapo hapataonekana tena mpaka mwingine aje aufungue. Arvid aliandika jina lake kwenye kila karavani aliyoifufua. Marlys hakutaka kuandika la kwake. Alisema jina moja kwa nyumba linatosha. Chini ya jina la mumewe aliandika maneno mawili tu, *na mimi*, kwa mkono wake wa kushoto, herufi zote zikilalia kushoto kama majani yaliyopigwa na upepo. Maneno hayo yamo ndani ya kuta za karavani sitini.

Ya sitini na moja ilikuwa bandani nyumbani kwake. Walibakiza ubao mmoja. Arvid alikwisha kuandika jina lake siku ambayo Marlys alipelekwa hospitali, na Marlys aligeuka akiwa mlangoni, koti begani, akasema, "Usifunge mpaka nirudi niandike." Hakurudi. Binti yao, Karin, kila Jumapili alipopiga simu alimalizia kwa neno lilelile: "Baba, funga huo ukuta. Umalize." Na Arvid kila Jumapili alisema wiki ijayo. Alijua siku atakayoufunga na nafasi ile ikiwa tupu, ndiyo siku atakayokuwa peke yake kweli.

Skrubu ya nne ikatoka. Akaugeuza ubao, akamulika mgongo wake.

*Alvin Dockter, 1961.*

*Na mimi.*

*Clem Fettig, 1978.*

*Na mimi.*

*Ruben Schatz, 1999.*

*Na mimi.*

Majina matatu, mikono mitatu tofauti. Lakini yale maneno mawili yaliandikwa na mkono mmoja, mara zote tatu, miaka thelathini na minane kutoka la kwanza hadi la mwisho. Chini kabisa palikuwa na mstari uliopigwa kwa penseli, na juu ya mstari huo hapakuwa na jina. Unga wake mweusi ulikuwa haujapanguswa bado.

Mwaka sitini na moja Marlys alikuwa na miaka miwili. Arvid alipiga hesabu hiyo, akairudia. Hakuwahi kukanyaga hapa.

Nywele za shingoni zilimsimama. Hata hivyo hofu haikuwa peke yake kifuani. Kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho alichokionea haya baadaye. Kilikuwa furaha.

"Marlys?" akanong'ona.

Harufu ya penseli ikazidi. Na karibu na sikio lake, ndani ya ukuta wa kabati ambao hakuugusa…

Krr… krr…

Haikuwa kucha za panya. Ilikuwa penseli juu ya ubao. Mtu aliyeishi na mwandishi wa daftari kwa miaka thelathini na nne haikosei sauti hiyo.

Akasema moyoni, maliza kazi utoke. Alitaka kuandika hali ya kona ile, lakini kalamu yake ya wino ilikuwa imekataa kwa baridi. Pale uwazini, juu ya mhimili wa ukuta, palikuwa na penseli ya seremala, bapa, nyekundu. Akaichukua. Akaandika: *kona ya nyuma nzima, maji hayajaingia*. Kisha akaichomeka nyuma ya sikio. Hakufikiri. Fundi hafikiri akichomeka penseli sikioni, iwe yake, iwe ya jirani, iwe ya nani.

Akaurudisha ubao, skrubu moja ikimponyoka mara mbili. Jina hakuandika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufunga ukuta alioufungua bila kuandika jina.

"Nisamehe," alinong'ona, wala hakujua anamwambia nani.

Twyla alimkuta nje, amesimama mbali na mlango. Giza lilikuwa limeshaingia. Alizima gari lakini taa akaziacha zikiwaka, akamkabidhi keki ya malai iliyofungwa kwenye karatasi.

"Vipi mbao?"

"Nzima. Sijapata kuona nzima kama zile."

"Mbona unasema kama mtu aliyefiwa?"

Arvid aliitia keki mfukoni. "Ruben alikuwa anaishi na mtu?"

"Mjomba? Hata paka hakuwa naye." Twyla akavuta kola ya koti. "Sisi watoto tulidhani ana mwanamke wa siri. Kila ukipita dirishani, vikombe viwili mezani. Tulikuwa tunamtania, mjomba, harusi lini? Anacheka tu."

"Na alivyokufa…"

"Mimi ndiye niliyemkuta. Amekaa mezani, kichwa kimeinama, ungedhani anasoma. Vikombe viwili." Akapunguza sauti, ingawa walikuwa wawili tu kwenye uwanda mzima. "Chake kilikuwa kimejaa, Mzee Haugen, hakukigusa. Kile cha upande wa pili ndicho kilichokuwa kitupu."

Upepo ukapita kwenye mabua ya alizeti.

"Usiiuze kwa mtu anayeishi peke yake," Arvid alisema.

Twyla alimgeukia. "Wewe unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Haya," alisema taratibu. "Endesha vizuri, basi."

Ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, na njiani hakukutana na gari hata moja. Nyumbani alipitia bandani kwanza kuweka vifaa vyake, kama kawaida. Karavani yake ilikuwa pale katikati, mlango wazi, ukuta wa nyuma wazi, ule ubao mmoja umeegemezwa kwenye kitanda, mgongo wake nje, kama ulivyoachwa miaka mitatu iliyopita.

Alisimama kizingitini, akavuta pumzi.

Penseli.

Mkono ukaenda sikioni. Hapakuwa na kitu. Akapapasa kola, mifuko, kofia. Aliikumbuka sikioni alipopanda gari. Ilimkwaruza alipogeuka kufunga mkanda.

Krr… krr…

Ikanyamaza.

Akawasha taa. Juu ya ubao, jina lake lilikuwa pale alipoliandika. *Arvid Haugen, 2021.* Chini yake, mahali palipokaa patupu miaka mitatu…

*Na mimi.*

Penseli nyekundu ilikuwa imelazwa kitandani, ncha yake imechongwa.

Arvid alipiga magoti mbele ya ubao, machozi yakamtoka kabla hajajizuia. Aliyagusa maneno kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Akayasoma tena, na tena, na mara ya tatu akaona kile ambacho macho yake yalikuwa yakikikwepa tangu kwa Ruben.

Herufi zililalia kulia, si kushoto.

Hakuwa yeye. Aliyeandika hapa ndiye aliyemwandikia Alvin Dockter mwaka sitini na moja, na Clem, na Ruben. Hakujua ni nani, wala ni nini. Alijua tu kwamba si Marlys, kwa uhakika uleule wa kuujua ubao mbovu akiugonga.

Randa ilikuwa mezani, hatua mbili. Kuipitisha mara tatu tu, maneno yale yangekuwa maranda sakafuni, na ubao ungebaki na jina moja. Akaenda akaichukua. Akaishika, akasimama nayo juu ya ubao. Nyumba ilikuwa na giza upande wa pili wa uwanja, hakuna dirisha lililowaka. Leo ilikuwa Jumanne. Mpaka Jumapili simu isingelia.

Akairudisha randa mezani.

Akaunyanyua ubao, akauweka mahali pake, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, zote nne, bila haraka. Ukuta wa Marlys ukafungwa. Kisha Arvid akakunja vidole, akagonga.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilifia ndani.

"Nzima," akasema.

Nyuma ya ubao, taratibu, kwa utiifu…

Krr… krr…

Ikaandikwa.

Arvid alikaa kidogo akisikiliza mpaka neno likaisha. Halafu, mlemle karavanini, akawasha jiko dogo la gesi, akateka maji ya kahawa, akashusha vikombe viwili.