Mfuko Namba Arobaini na Moja

"Sindano, unanisikia?"

"Nakusikia, Nahodha."

"Mnunuzi tumemwona. Toyota nyeupe, ng'ambo ya barabara. Mtu wake yuko humo ukumbini na ana simu. Una dakika kumi na nane."

Sindano aligusa kifaa kilichofichwa sikioni, akaitazama meza yake. Mifuko sitini ya plastiki, kila mmoja na namba yake, kila mmoja na simu ndani. Ndiyo kazi ya ukachero aliyopewa leo: kukusanya simu za wakubwa mlangoni huku akitabasamu, bastola ya Glock ikimfinya kiunoni.

Saa tano kamili kanuni ya kutengenezea dawa mpya ya kisukari ingeonyeshwa ukutani kwa mara ya kwanza. Picha moja tu ingetosha. Watu wa nje wangewahi kuisajili kwa jina lao, na dawa ambayo kila mgonjwa angeimudu ingekuwa ya matajiri. Ndiyo maana kampuni ilipiga marufuku simu mkutanoni, na wakubwa wakanuna kama watoto walioachishwa ziwa.

Mashine ya ukaguzi haikulia hata mara moja. Basi simu ilipitaje?

Akairudia mifuko. Watu hudanganya, simu zao haziwezi. Mkurugenzi alikuwa amepigiwa mara tisa na "Fundi Bomba". Mhasibu alitafutwa na mkewe, kisha na "Fundi Gari" mwenye picha ya midomo myekundu. Kila mfuko ulitetemeka, ukawaka, ukalalamika.

Isipokuwa mmoja.

Namba arobaini na moja. Samsung, imewashwa, chaji imejaa. Tangu saa tatu haikupigiwa na mtu.

Sindano aliusogeza karibu. Mfuko ule aliufunga mwenyewe.

"Makubwa! Mdogo wangu siku hizi unapora watu simu?" dada yake alimtania asubuhi akiikabidhi.

Dada, mtafiti wa maabara. Dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye alijua tu kwamba mdogo wake ameajiriwa na wapamba kumbi. Simu ya dada haikuwahi kupumzika. Msiba, harusi, mtoto ana homa, shangazi kagombana na jirani, ukoo mzima ulipita humo. Na asubuhi ile mkononi alishika kisanduku cha sampuli, kile ambacho walinzi walikatazwa kukipitisha kwenye mashine.

Sindano akainua simu ya mezani. Akabonyeza namba pekee aliyoikariri, ya dada.

Mfuko wa arobaini na moja haukutikisika.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Akapiga tena, akimwomba Mungu iwe ni yeye aliyekosea. Sauti ileile: simu iliyowaka mezani haikuwa ya dada.

Dakika nne.

Alibeba jagi la maji, akaingia. Taa zilikuwa zimepunguzwa. Mstari wa tatu, kiti cha pembeni, kisanduku kilikuwa mapajani mwa dada, kifuniko kimeinuliwa kidogo, jicho la kamera likichungulia ukutani. Sindano akaweka jagi chini, akaketi kiti cha jirani, akaliziba jicho lile kwa kiganja na kuchomoa bastola kwa mkono wa pili.

Dada aligeuka. Aliiona bastola kwanza, kisha akamwona aliyeishika.

"Wewe?"

"Mimi, dada. Nipe simu."

"Dawa hii nimeipika mimi," dada alinong'ona. "Miaka kumi na miwili. Hebu tazama pale mbele kama jina langu lipo."

Sindano alitazama. Majina matano, yote ya wakubwa. La dada halikuwepo, na hilo lilimuuma kweli.

"Na hao wa nje watakuandika?"

"Wameniahidi."

"Na wagonjwa je?"

Dada aliinamia kisanduku. Machozi yalimtiririka. "Bado sijapiga hata picha moja. Ichukue, ivunje, yaishe hapahapa, mimi na wewe. Nimekubeba mgongoni, mdogo wangu."

"Sindano," Nahodha aliunguruma sikioni. "Umempata?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kwa moyo wake wote. Lakini mnunuzi aliyemkosa dada angemtafuta mwingine kesho, na bila ushahidi wa dada hakuna ambaye angemtaja mnunuzi huyo.

"Umempata?"

Kanuni ikang'aa ukutani.

"Nimempata."

Nje, matairi yalilia. Toyota nyeupe ilizingirwa kabla haijafika kona. Sindano alimtoa dada yake kwa mlango wa jikoni, amemshika mkono kama mgonjwa. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi. Dada hakumtazama tena.

Mkutano ulipokwisha, wakubwa walizigombania simu zao.

"Kumbe mtu anaweza kukaa saa tatu bila simu na dunia isianguke!" Mkurugenzi alicheka.

Sindano alimpa mfuko wake, akamtakia siku njema.

Alipobaki peke yake, simu yake mwenyewe iliita. Binti wa dada yake, kwa simu ya mwalimu.

"Mama mdogo, simu ya mama haiiti."

"Yuko mkutanoni. Simu haziruhusiwi."

"Utaisha saa ngapi?"

"Utachelewa."

"Sasa leo atanichukua nani?"

"Mimi."

"Na kesho?"

Alivaa kwanza miwani yake myeusi.

"Na kesho pia ni mimi," akasema, akashuka ngazi bila kugeuza shingo, maana gari lililombeba dada yake lilikuwa bado halijaondoka.