Doa Ajifunza Kutoka Nje

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, fundi alifanya kazi moja. Alipita chumba hadi chumba, ameinama, macho sakafuni. Alikuwa akitafuta mkojo.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na ua mdogo kwa nyuma. Sebuleni ndiko alikoshonea nguo za wateja. Mumewe alikuwa fundi bomba. Katika chumba cha pili alilala babamkwe wake, mzee aliyefiwa na mke miezi minne nyuma. Tangu msiba huo, mzee alikuwa haongei. Alikula vijiko viwili, akarudi kitandani, akageukia ukuta.

Kisha mumewe akaleta mtoto wa mbwa wa wiki nane, mweusi, mwenye doa jeupe kuzunguka jicho moja. Wakamwita Doa. Siku hiyohiyo mzee aliinuka akaketi. Siku ya tatu alicheka.

Lakini Doa alikojoa. Alikojoa mkekani, alikojoa jikoni, alikojoa ndani ya kiatu.

"Mabomba ya mji mzima nayaziba," mumewe alisema. "Hili moja limenishinda."

Mwanzoni walicheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka.

Mumewe alikuwa amesikia kwamba dawa ni kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake, kisha kumchapa. Akafanya hivyo. Doa alilia akajikunyata. Kesho yake alikojoa nyuma ya kabati. Kesho kutwa, chini ya kitanda. Ikafika mahali akisikia hatua za mumewe mlangoni, anajikojolea papo hapo kwa woga.

Alhamisi moja fundi alikuwa akimalizia gauni la bibi harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Aliliacha gauni mezani, pindo likining'inia mpaka sakafuni, akaenda jikoni kuzima jiko. Aliporudi, Doa alikuwa amechuchumaa juu ya pindo lile jeupe.

Fundi alipiga ukelele. Mzee akatoka chumbani mbiombio aone kuna nini. Akakanyaga palipolowa. Mguu ukateleza. Akaanguka chini, kishindo kikajaa nyumba nzima.

"Baba!"

Mzee akashusha pumzi. "Ni mkono tu, mwanangu. Usilie."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Wakaenda zahanati. Mfupa ulikuwa mzima, lakini alifungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko.

Jioni mumewe aliporudi, aliutazama mkono ule kwa muda mrefu.

"Jumamosi mbwa huyu anaondoka," alisema.

"Akiondoka, na mimi naondoka," mzee akajibu.

"Utakwenda wapi, Baba?"

"Sijui. Lakini nitakwenda."

"Baba, juzi tu nimemzika Mama!" Sauti ya mumewe ilipasuka. "Sitaki nikuzike na wewe kwa sababu ya mkojo wa mbwa!"

Hakuna aliyekula vizuri siku hiyo. Fundi alifua pindo la gauni mara tatu mpaka likatakata. Lakini moyo wake haukutulia. Akajifunga khanga, akaenda kugonga mlango wa tatu kutoka kwao.

Hapo aliishi jirani aliyefanya kazi kwa daktari wa mifugo. Mtaa mzima walimwita Mama Sindano, kwa kuwa ndiye aliyewachanja mbwa na paka wao. Alimsikiliza fundi, akavaa kandambili zake, wakarudi pamoja.

"Anakula saa ngapi?" Mama Sindano aliuliza.

"Wakati wowote," fundi akasema. "Bakuli lake halikauki."

"Na nje anatolewa saa ngapi?"

Mumewe akajikuna kichwa. "Mlango wa uani tunaufunga, asije akatoroka."

"Kumbe! Mlango mmemfungia, halafu mnamchapa kwa kuwa hakutoka?"



"Huyu ni mtoto mchanga," Mama Sindano akaendelea. "Kibofu chake ni kidogo, hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Ukimchapa, haelewi kwamba amekosea mahali. Anachoelewa ni kwamba ukimwona akikojoa utamuumiza. Ndiyo maana anajificha."

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Mpeni chakula kwa saa maalumu. Akiamka, mtoeni. Akimaliza kula, mtoeni. Akimaliza kucheza, mtoeni. Kabla ya kulala, mtoeni. Hata katikati ya hayo, kila baada ya saa moja hivi. Mpelekeni pembe moja ileile ya ua. Akimaliza tu, msifuni hapohapo na kumpa kipande cha chakula. Msingoje arudi ndani, atakuwa ameshasahau anasifiwa kwa lipi."

"Akianza ndani je?" mzee aliuliza.

"Mkimwona ananusanusa na kuzungukazunguka, mbebeni taratibu mkamtoe. Mkichelewa, futeni tu, msimgombeze. Osheni kwa sabuni, kisha panguseni kwa siki iliyochanganywa na maji. Harufu ikibaki, atadhani hapo ni choo chake. Kinyesi kifukieni, na nyote mnawe mikono kwa sabuni. Kesho nitaleta dawa yake ya minyoo."

"Nampa wiki moja," mumewe alisema. "Wiki moja tu."

"Kazi ya kumtoa ni yangu," mzee akasema. Tayari alikuwa anatafuta viatu vyake.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kila saa mlango wa uani ulilia, na sauti ya mzee ikasikika: "Vizuri, Doa! Vizuri sana!"

Siku ya tatu mzee alikuwa akioga. Fundi alikuwa akimpima mteja, akasahau. Doa akakojoa mkekani. Wakati huohuo mumewe akaingia. Aliona, akainua mkono. Doa akalala chali, anatetemeka.

"Usimpige!" fundi akasema. "Kosa ni langu. Nilipaswa kumwangalia, sikumwangalia."

Mkono ulibaki juu. Fundi alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Kisha mkono ukashuka. Mumewe akaenda jikoni, akarudi na kitambaa na chupa ya siki. Akapiga magoti akapangusa.

Siku ya nne, hakuna mkojo ndani. Siku ya tano, hakuna. Siku ya sita ulikuwa kidogo, karibu kabisa na mlango.

"Alikuwa njiani," mzee akamtetea.

Siku ya saba mumewe hakwenda kazini. Aliketi sebuleni akitazama. Cherehani ilinyamaza. Doa aliamka, akajinyoosha, akaanza kunusa. Akazunguka mara moja. Mzee alishika kiti ili ainuke.

Doa akaenda mlangoni. Akauparura kwa ukucha, akageuka kuwatazama, akalia kidogo.

Aliyewahi kufika ni mumewe. Alifungua, akamfuata mpaka pembeni mwa ua. Doa akachuchumaa pale pale panapotakiwa.

Mumewe alikohoa. "Vizuri," alisema kwa haya. Kisha kwa sauti: "Vizuri sana, Doa!"

Doa alimtazama. Mara hii hakujikunyata. Alimjia mbio, mkia ukicheza, akalala juu ya miguu yake.

"Mpe na kipande cha chakula upesi, usichelewe!" mzee akapaza sauti kutoka mlangoni. "Na usiizoee hiyo kazi. Ina mwenyewe."