Mbegu Nyingi Si Mbegu Nzima

Asubuhi kijiji cha Genkuru huamka ndani ya ukungu. Ng'ombe husikika kabla hawajaonekana. Mbali kidogo, makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huanza kunguruma taratibu, kama mtu anayesema usingizini. Wegesa aliipenda saa hiyo. Alikaa mlangoni kwenye cherehani yake, akishona sare za watoto wa watu. Katika ukungu ule aliweza kudhani kwamba mtoto wake anatambaa nyuma yake, na kwamba akigeuka atamwona.

Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kugeuka mara nyingi.

Mume wake, Nchagwa, alikuwa mchoma dhahabu. Wenzake walimletea dhahabu iliyoshikana na zebaki, naye akaiweka juu ya jiko la mkaa. Zebaki ilipaa ikawa moshi, dhahabu ikabaki. Nchagwa alichuchumaa juu ya moto huo kutwa nzima, sigara mdomoni. Alisema dhahabu inapoanza kung'aa katikati ya moshi, ni kama kuona jua likichomoza ndani ya kikombe.

Walikuwa na miaka mingi katika ndoa. Mimba mbili zilitoka zikiwa changa. Wakauza ng'ombe, wakaenda Mwanza kupata tiba ya upandikizaji. Huko wataalamu walichukua mayai ya Wegesa na mbegu za Nchagwa, wakavikutanisha maabara. Mimba ilipoanza, ndogo kuliko punje ya mtama, wakaiweka tumboni mwa Wegesa. Kwa majuma machache alitembea kama mtu aliyebeba maji viganjani. Kisha nayo ikatoka.

Waisiko, mama yake Nchagwa, aliishi nao katika mji huohuo, boma la familia. Jioni moja alimwambia mwanawe kwamba marehemu baba yake amemjia ndotoni. Katika ndoto hiyo alisimama mlangoni, hakuingia. Aliuliza tu kwa nini mji umenyamaza.

"Mavuno yakiisha, mura, mwanangu, tutafute binti mwingine," alisema Waisiko. "Huyu ana mkono mzuri wa cherehani. Lakini tumbo lake halishiki."

Wegesa alikuwa nyuma ya ukuta. Alisubiri mume wake amjibu mama yake. Nchagwa hakujibu. Moyoni aliamini kwamba mama amesema kweli, maana yeye alikwisha kupimwa. Mbegu zake zilitazamwa kwa darubini, zikaonekana nyingi na zenye mwendo mzuri. Kijiweni alijisifu kwamba mzani umemkubali, na wenzake wakamwita dume la Genkuru.

Wegesa aliomba jambo moja tu: warudi hospitali mara moja zaidi kabla ya mavuno. Wakarudi. Safari hii Daktari Regina alimgeukia Nchagwa. Alimuuliza kazi yake, sigara zake, moto anaochuchumalia. Wegesa alishangaa, kwa sababu miaka yote maswali yalikuwa yake. Daktari akampima Nchagwa mwili, kisha akaagiza kipimo kingine cha mbegu, ambacho hakifanywi kwa kila mtu. Majibu yalipofika, akawaita wote wawili.

"Mbegu zako ni nyingi na zinaogelea vizuri," alimwambia Nchagwa. "Hilo halijabadilika. Lakini ndani ya kila mbegu kuna maelekezo ya kumjenga mtoto. Tunayaita DNA. Ni kama uzi mrefu, mwembamba sana. Katika mbegu zako nyingi, uzi huo umekatikakatika."

"Mbona nilipimwa?"

"Walihesabu mbegu, wakatazama mwendo. Kipimo kile hakioni ndani."

Nchagwa akasema polepole, "Kumbe ni kama dhahabu. Mzani unakwambia uzito. Haukwambii karati, usafi wake."

Daktari alikubali. Akaeleza kwamba mbegu yenye uzi uliokatika inaweza kulifikia yai, na mimba ikaanza. Lakini mara nyingine mimba hiyo hukwama njiani au hutoka, hata ikiwa imeanzia maabara. Hakusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana mimba hutoka kwa mambo mengi. Ila sigara, joto kali karibu na korodani, moshi wa zebaki, maambukizi, mishipa iliyovimba kwenye korodani na umri mkubwa vyote vinaweza kuziharibu mbegu. Mishipa na maambukizi Nchagwa hakuwa navyo. Sigara, moto na moshi alikuwa navyo kila siku.

"Na yai langu?" aliuliza Wegesa. "Lilikuwa likifanya nini muda wote huo?"

"Yai hujaribu kurekebisha," alisema daktari. "Likikuta uzi umekatika kidogo, huuunganisha. Ukikatika sana, kazi hulishinda."

"Kwa hiyo lilikuwa linashona."

"Lilikuwa linashona, dada."

Wegesa alitazama vidole vyake. Akaona, kama ndotoni, chumba kidogo chenye giza ndani ya tumbo lake, na fundi ameinama juu ya kitambaa kilichooza, anashona bila kuchoka. Miaka yote hiyo watu walisema chumba kile ni kitupu.

Daktari aliwapa tumaini bila kuwaahidi mtoto. Mwili wa mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila wakati, na mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Nchagwa aache sigara, atoke kwenye moto na zebaki, ale mboga na matunda, kisha apimwe tena.

Walipofika nyumbani, Nchagwa alimwamkia mama yake shikamoo, akaketi chini mbele yake. Wegesa alibaki mlangoni.

"Mama, usitafute binti. Hata ukimleta, huenda yakamkuta yaleyale. Shida iko kwangu."

"Nani amekuroga useme hivyo mbele ya mkeo?"

"Sijarogwa. Nimepimwa."

Waisiko alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mkwewe, muda mrefu. Habari ya binti mwingine haikusemwa tena.

Nchagwa aliacha jiko la kuchomea. Akahamia kuvuta mifuko ya mawe kutoka shimoni, mbali na zebaki. Kijiweni walimtania kwamba dume sasa linakula mchicha. Naye akala mchicha. Sigara ilimsumbua zaidi ya utani, akairudia, akaacha tena. Alipopimwa tena, nyuzi zilizokatika zilikuwa zimepungua sana. Tiba ikarudiwa. Mimba ikafika pale zilipoishia nyingine, ikapita, ikaendelea kukua mpaka binti akazaliwa.

Siku moja jirani yao, Christina, alikuja kumlalamikia Waisiko. Mke wa mwanawe amepoteza mimba tena, na yeye anafikiria kumrudisha kwao. Waisiko alikuwa na mjukuu begani. Akamuuliza kama mwanawe mwenyewe amepimwa.

"Amepimwa," alisema Christina. "Wamesema mbegu zake ni nyingi."

"Hata nzige ni wengi," alijibu Waisiko. "Mwache mtoto wa watu. Mrudishe mwanao hospitali, akaulize kilichomo ndani."