Kadi Kutoka Njinjo

Mnamjua Mudathiri wa Nangurukuru, msaka nyimbo mpya za wasanii wa vijijini, iwe singeli au mdumange. Basi aliletewa memori kadi kutoka Njinjo, akaipachika kwenye spika ya umeme ndani ya kibanda chake cha mabati. Wanawake waliimba kwa ngoma, na nyuma yao mwanamume akilia, "Jamani, nifungulieni!"

Sauda, muuza chapati jirani, akafoka: "Zima, mshenzi we! Hizo za unyago, mwanamume hazisikilizi!"

"Hasira peleka kwenye chapati zako," akamjibu, akaongeza sauti.

Umeme ukakatika. Mlango ukajibamiza, giza totoro, lakini ngoma haikukoma. Mudathiri akausukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Akapiga kelele: "Jamani, nifungulieni!"

Ndipo alipoitambua ile sauti ya kwenye kadi. Ilikuwa yake.