Nani Aliyepasua Maputo?

Kila asubuhi wanafunzi wa shule moja ya msingi jirani na Kinampanda hufagia uwanja kabla ya kengele. Ijumaa ya mahafali walifagia haraka haraka, kisha wakakaa kupuliza maputo. Wengine waliyaita mabaluni, na Mwalimu Asnath akasema majina yote mawili ni sawa, ila wapunguze mate. Noel akauliza mbona haya hayapai juu kama yale yanayouzwa Singida mjini. Mwalimu akamweleza kuwa yale hujazwa gesi nyepesi kuliko hewa, lakini pumzi ya mtu haina wepesi huo.

Msimamizi wa mapambo alikuwa Emiliana, na usimamizi ulikuwa umempanda kichwani. Alimchukia Damari tangu Damari alipochaguliwa kusoma risala ya wahitimu, nafasi ambayo Emiliana aliitaka mno. Asubuhi hiyo alimfukuza kwenye maputo kama mtu anavyofukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Damari akamjibu kwamba mapambo si mali ya baba yake. Wakarushiana maneno mpaka mwalimu akawatenganisha.

Maputo yakatundikwa kwenye kamba, jua likapanda. Wageni wakaanza kufika, akiwemo mama yake Damari, aliyetoka Kiomboi na kitenge kipya kuja kumsikiliza mwanawe. Mara puto moja likapasuka. Likafuata la pili, halafu yakawa yanapasuka kama bisi kwenye sufuria.

"Ni Damari," Emiliana alisema mbele ya wageni wote. "Ameyatoboa kwa mwiba. Ana roho mbaya huyu."

Lo, mdomo wa mtu hauna breki! Wageni wakaguna. Mwalimu Lazaro, mwalimu mkuu, hakuuliza swali hata moja. Alitamka palepale kwamba risala itasomwa na mwingine. Mama akainamisha kichwa kwa aibu. Damari hakulia. Aliokota kipande cha puto, kikamteleza vidoleni. Akakinusa, akampelekea Mwalimu Asnath.

"Mwalimu, kinanuka mafuta ya alizeti."

Emiliana alipoulizwa, alijibu kwa kiburi kwamba aliyapaka mafuta ili yang'ae, kwani kuna ubaya gani? Mwalimu hakubishana naye. Alipuliza maputo mawili mapya, akapaka moja mafuta, akayaanika pamoja juani. Hotuba za wageni zikaendelea. Kabla hazijaisha, lile lenye mafuta likapasuka, na lile kavu likabaki linaning'inia. Akawaeleza kuwa mpira wa puto hutokana na utomvu wa mti, na mafuta huudhoofisha. Jua nalo hutanua hewa ya ndani, basi mpira unashindwa kuizuia.

Emiliana akamsogelea Damari, akanong'ona, "Nisamehe."

"Hapana," Mwalimu Asnath akasema. "Ulimchafua kwa sauti kubwa, hutamsafisha kwa kunong'ona. Nenda mbele."

Emiliana akaenda, akasema yote: mafuta, na uongo wa mwiba. Mwalimu Lazaro naye akasimama, akamwomba radhi Damari pamoja na mama yake. Akawaambia wanafunzi kwamba chuki ikitangulia macho hayaoni, hivyo wachunguze kwanza ndipo waseme, na kwamba leo hata yeye alisema kabla ya kuchunguza.

Damari akaitwa kusoma risala. Alimpita Emiliana bila kumtazama, akasoma kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na mama yake akainua kichwa.