Koti la Daktari wa Macho

Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, fundi kweli kweli. Lakini mwaka huo aligombana na kila kitu kibandani. Balbu haina nguvu. Uzi ni mbovu. Sindano za siku hizi hazina matundu! Mumewe alimtungia uzi kimya kimya, maana alipenda amani.

Siku moja daktari wa macho alikuja kuchukua koti lake jeupe. Ni daktari bingwa, anafundisha madaktari wengine na kufanya utafiti. Utotoni aliishi nyumba ya pili. Mishono yake ya kwanza aliipiga kwenye vitambaa vya Mama Cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako hilo."

Daktari alilitazama. Vifungo vilishonwa kwa uzi wa njano badala ya mweupe. Alimmulika Mama Cherehani macho kwa tochi, akaona ukungu katikati ya mboni.

"Mama, una mtoto wa jicho, macho yote mawili."

"Ni uzee tu. Na dawa ninayo." Akatoa chupa ya matone aliyopewa na mteja.

"Dawa ya macho haigawanwi kama chumvi, mama. Ya mwenzako inaweza kukuumiza. Tena hakuna matone yanayoondoa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi. Yako imeingia ukungu. Tunaitoa, tunaweka nyingine safi."

Mama Cherehani aliingiwa na hofu. "Mkono ukiteleza je? Bila macho sina kazi. Na mimi bila sindano ni nani?" Akafikiri kidogo. "Utanishona kwa uzi gani?"

"Wengi hatuwashoni siku hizi. Tundu tunalotoboa jichoni ni dogo, linajifunga lenyewe. Miaka yote utafiti wangu ni huo, kupunguza tundu."

"Ala! Nikufundishe kushona, wewe ukatafute namna ya kutoshona!"

Wote walicheka. Kisha daktari akamshika mikono. "Mama, ulikuwa unaniambia, 'Pima kwanza, mkasi haurudishi kitambaa.' Kila siku nawaambia wanafunzi wangu maneno hayo. Nitakupima vizuri."

Mama Cherehani alikubali.

Walianza na jicho moja. Lilitiwa ganzi, hakusikia maumivu. Nje, mumewe alikumbatia mkoba wa mkewe, akiogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Kesho yake bandeji iliondolewa.

"Mzee, umezeeka hivi lini?"

"Ulipokuwa huoni," alijibu mumewe, akafuta machozi.

Alitia matone aliyoandikiwa, kwa saa zake. Hakulisugua jicho. Baada ya wiki kadhaa alitibiwa la pili, kisha akapewa miwani ya kuonea karibu.

Daktari alipopita kibandani kumjulia hali, alikuwa amevaa lile koti. Mama Cherehani alivitazama vifungo.

"Uzi wa njano! Umevaa hivi mbele ya wanafunzi wako?"

"Nimevaa. Umenishonea wewe."

Mama aligusa kifungo kimoja. Moyo ulimjaa. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Umenirudishia kazi yangu. Haya, vua."

Alifumua vifungo kimoja kimoja, akachukua uzi mweupe. Mumewe akanyoosha mkono kupokea sindano, kama alivyozoea.

Mama Cherehani akausukuma mkono wake. Akatunga uzi mara moja tu.

"Kaa chini, mzee. Kazi yako hiyo imekwisha."