Sura Iliyosuguliwa

"Niambie kwa kinywa chako," mwalimu alisema kwenye simu. "Dada yangu anadai umeifuta ile picha makusudi."

Mshonaji alikuwa amejikunyata sakafuni sebuleni kwa mwalimu huyo, mchumba wake, kitambaa kibichi bado kiko mkononi. Akaeleza huku sauti inamkatika. Harusi imekaribia, mwalimu yuko safarini anasahihisha mitihani, basi akaona aje aisafishe nyumba. Kioo cha fremu kilikuwa kimeingia vumbi mpaka ndani, akaitoa picha aipanguse. Hakujua imechorwa kwa rangi za maji. Yeye amezoea nguo: doa unalilowesha, unasugua. Ndivyo alivyofanya.

Nyie, ile haikuwa picha ya hivi hivi. Marehemu mke wa mwalimu alijichora mwenyewe, amesimama mlangoni, anacheka. Mshonaji alipofika pale mara ya kwanza, mwalimu alimsimamisha mbele ya picha hiyo. Alimwambia picha za marehemu za simu anazo tele, lakini hii ndiyo anayoipenda kuliko zote, kwa sababu hivyo ndivyo marehemu alivyojiona walipokuwa na raha. Upweke ukimzidi huitazama, akapata nguvu ya kwenda kazini. Mshonaji aliitikia kwa kichwa, roho ikamchoma.

Dada wa mwalimu, aliyekuwa anaishi pale, hakumung'unya maneno. Aliwaita majirani wajionee wenyewe jinsi wivu ulivyomtuma mtu kumuua marehemu mara ya pili. Mwalimu hakutaka kusikia. Alimtumia mchumba wake ujumbe: "Usilie mpenzi. Ile ilikuwa karatasi. Mke wangu ni wewe."

Badala ya kutulia, mshonaji akazidi kulia.

Mwalimu aliporudi aliwakalisha wote wawili sebuleni. Alisema mchumba wake hana chembe ya wivu, na ndiyo maana hakumficha picha ile tangu mwanzo. Akamtaka dada yake aombe radhi. Dada, shingo upande, akaanza.

"Wifi, usiniombe radhi," mshonaji alimkatiza.

"Mwache aombe," mwalimu alisema. "Amekuonea."

"Hajanionea. Nilianza na vumbi, Mungu shahidi yangu. Mara nikaona shavu linayeyuka. Pale ningeweza kuacha. Macho yalikuwa bado yapo, na bado anacheka."

"Ukafanya nini?"

"Nikasugua macho."



"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Kwa sababu nakupenda, na hujawahi kunitazama kama ulivyokuwa ukiitazama ile karatasi."

Mwalimu hakufoka. Heri angefoka, jamani. Alijishika kichwa, machozi yakamdondoka kwenye shati.

"Mimi nilishakuamini," alisema. "Ungenyamaza tu, tungefunga ndoa."

"Najua. Ungemuoa mwanamke asiye na wivu. Mimi siye."

Mwalimu akasema bila kuinua uso:

"Nenda nyumbani. Sikuchukii. Ila nikikuona, nauona ule mkono unasugua."

Mshonaji aliweka ufunguo wa nyumba mezani akatoka. Alitamani aitwe. Hakuitwa. Alikuwa amefika getini aliposikia ndala nyuma yake. Ni yule wifi aliyemtukana kwa majirani. Alimpokea mkoba, wakatembea mpaka barabarani.

"Ningekuwa mimi nisingesema," dada alisema hatimaye. "Ningeolewa nikatulia zangu."

"Na mimi nilitaka hivyo hivyo."

"Unampenda kiasi hicho?"

Mshonaji alijifuta uso kwa kiganja. "Mwambie, wifi. Labda wewe atakusikiliza."

Dada aliigeukia ile nyumba, akamrudishia mkoba taratibu.

"Nitamwambia," alisema. "Lakini si leo. Leo amefiwa tena."